Konokono Wanaokula Nyumba

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema kupita zote tangu niajiriwe! Mkurugenzi ametuita ukumbini asubuhi, sote wa Taasisi ya Utafiti wa Visumbufu vya Mimea. Tunapimwa. Mtathmini anakuja Ijumaa ya wiki ijayo kuangalia nani kaandika nini na nani kanukuliwa na nani. Kisha vitengo viwili vidogo vitaunganishwa: changu cha Konokono na kile cha Mchwa. Mwenye alama nyingi atakuwa mkuu wa vyote viwili. Mwenye alama chache atakuwa chini yake, na chumba chake cha kufugia kitakuwa mikononi mwa mwenzake.

Kitengo cha Mchwa ni cha shemeji yangu. Mdogo wake mke wangu, tumbo moja. Mimi ndiye niliyemleta hapa kazini. Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga tai! Leo hii eti nimwombe ruhusa ya kwenda kula mchana? Na chumba changu cha konokono, nilichokilea miaka yote hii, akijaze vichuguu?

Lakini sikilizeni. Mkurugenzi akauliza nani ataandika kanuni ya kupimia. Mkono wangu ulipanda kabla hajamaliza kusema. Shemeji hakuinua hata kidole, alikuwa anapangusa miwani. Masikini! Mkutubi atahesabu, lakini mimi ndiye nitakayeamua nini kihesabiwe.

Nimemweleza mke wangu nikiwa bado mlangoni. Akauliza kama nimechaguliwa au nimejichagua. Nimemwambia tofauti hapo ni ndogo sana.

Jumanne, 4 Machi

Kanuni ya kwanza tayari. Safi, fupi, ya haki: zihesabiwe makala tu. Na mimi makala ninazo! Konokono mmoja nilimwandikia makala sita: ya ute wake, ya gamba lake, ya mguu wake, ya pembe ya kulia, ya pembe ya kushoto, na ya sita ya kulinganisha pembe hizo mbili.

Nimempelekea mkutubi ajaribishe. Amerudi na jibu kabla chai yangu haijapoa. Shemeji kanizidi mara mbili! Kumbe kila mwanafunzi anayepita kwake, jina la shemeji linapachikwa kwenye kazi yake. Kuna hata makala ya bundi. Bundi! Watu wengine hawana haya kabisa. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba sikulifikiria mimi.

Kanuni nimeichana vipande vipande. Nitaandika nyingine.

Halafu fundi wa maabara akaniletea kero ileile. Konokono wameilamba tena chokaa ya ukutani, chini kote, mpaka tofali linaonekana. Nimemwambia apake nyingine, kama mwezi uliopita. Mtu anapigania uhai wake, wao wananiletea habari za ukuta!

Jumatano, 5 Machi

Kanuni ya pili: kunukuliwa. Wingi wa makala ni kelele tu. Heshima ya mtafiti ni kutajwa na wenzake.

Mkutubi akachungulia kwenye kompyuta yake. Akasema nimenukuliwa sana. Moyo ulinipasuka kwa furaha! Akasema anayeninukuu ni mimi mwenyewe. Makala ya pembe ya kulia inainukuu ya kushoto, ya kushoto inainukuu ya kulia. Akasema za kujinukuu anazifuta. Nikamuuliza kwa nini, mbona mimi najiamini. Akafuta.

Baada ya kufuta zimebaki nukuu mbili. Ya kwanza ni ya mtaalamu mmoja wa mbali sana, aliyeandika kwamba matokeo yangu kuhusu ute yanashangaza na hayana msingi wowote. Ya pili ni tangazo la kantini: osheni mboga vizuri, kwa mujibu wa Kitengo cha Konokono.

Sikubabaika. Nimeongeza vifungu viwili. Kwanza, nukuu ni nukuu, iwe ya sifa au ya lawama. Pili, kihesabiwe chochote chenye kutaja chanzo chake: makala, taarifa, waraka, hata tangazo la ukutani. Mkurugenzi ametia sahihi akiwa amesimama, mkoba begani. Sasa ni sheria!

Kwa hiyo ninazo mbili halali. Shemeji anazo kumi na tisa. Si mbaya. Nina wiki nzima.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeupata ufumbuzi kwa mke wangu, ingawa yeye hajui. Alikuwa anajitayarisha kwenda kwenye upatu wake na majirani. Wanapokezana: zamu hii wote wanampa mmoja, zamu ijayo wote wanampa mwingine. Nikabaki mdomo wazi, kiatu kimoja mguuni. Upatu wa manukuu!

Na nani mhariri wa jarida la taasisi? Mimi! Linatoka kila mwezi, na toleo lijalo ni Jumanne, kabla mtathmini hajafika. Jarida letu lina mtindo wake. Hatutaji majina ya watu, maana zamani watu walitiana ngumi kwa sababu ya nani aanze kutajwa. Anayenukuliwa anatajwa kwa kitengo chake ndani ya mabano: (Konokono, mwaka juzi). Na juu ya kila makala, badala ya jina la mwandishi, kuna nembo ya kitengo, picha aliyoichorisha Mkurugenzi mwenyewe. Ya Mchwa ni mchwa mnene aliyevaa taji. Yetu inafanana na kilemba kilichoanguka.

Nimewapitia mmoja mmoja. Bwana Panya, wa Kitengo cha Panya, alikubali papo hapo. Bi Magugu aliuliza zamu yake lini, nikamwambia mwezi ujao, akasema basi twende kazi. Mzee Ukungu aliniomba nirudie, kisha akaomba nirudie tena, kisha akasema hilo tu? Tumepeana mikono nyuma ya banda la jenereta. Mwezi huu ni zamu yangu. Ni haki, wazo ni langu.

Jumamosi, 8 Machi

Makala zimeingia! Nimezisoma kitandani huku nikichekelea tumboni.

Bwana Panya anaandika kwamba panya hupenda kutembea kando ya ukuta, na kwamba konokono pia hutembea (Konokono, mwaka juzi). Bi Magugu anaandika kwamba magugu humea bila kupandwa, jambo ambalo halijawahi kuonekana kwa konokono (Konokono, mwaka jana). Mzee Ukungu kanimaliza. Kaninukuu mara kumi na nne, moja ikiwa ni kuthibitisha kwamba mvua hunyesha.

Wenzangu hawa! Nimewapenda kama ndugu. Mke wangu akauliza nacheka nini. Nikamweleza, mtu una raha lazima uigawe. Nikamwonya asimwambie mdogo wake.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Shemeji alikuwapo, mtulivu, anakula taratibu. Akaniuliza, eti shemeji, kanuni imeshapita au bado itabadilika? Nikamwambia imepita, ina sahihi na mhuri. Akasema hongera, shemeji, umefanya kazi kubwa. Nilimhurumia kidogo.

Mama mkwe akauliza kunukuliwa ndiyo nini. Nikamwambia ni watu kukutaja, mama, kwa wema au kwa ubaya, na kadiri unavyotajwa ndivyo unavyopanda cheo. Akafikiri. Akasema basi kwa jinsi majirani wanavyomtaja yeye, angekuwa mkuu wa taasisi nzima. Shemeji alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nilicheka pia, ila si sana, maana kwa kanuni yangu mama ana hoja.

Jumatatu, 10 Machi

Hiana! Hiana tupu!

Asubuhi Bwana Panya kanirudishia makala yake, eti kaisahihisha kidogo. Akafuata Bi Magugu. Mzee Ukungu naye, kajikokota mwenyewe mpaka ofisini kwangu. Nikafungua. Kila penye konokono pameongezwa mchwa, mara mbili! Panya hutembea, konokono hutembea (Konokono, mwaka juzi), lakini mchwa ndio hutembea hasa (Mchwa, mwaka jana, Mchwa, mwaka huu).

Shemeji kawapitia wote jana jioni. Kawapa zamu zake zote za mwaka mzima, yeye anataka mwezi huu tu. Mke wangu ameapa hakumwambia mdogo wake chochote. Alimwambia tu kila kitu.

Nilikaa kwenye kiti nimenywea kabisa. Nikakitazama chumba cha konokono kupitia kioo. Wamelala ukutani, wala hawana habari, hawajui kwamba Ijumaa ukuta huo ni wa mchwa. Machozi yalinilengalenga, sioni aibu kuandika.

Halafu nikakumbuka mimi ni mhariri! Mhariri anahariri! Kufuta nukuu moja moja ni kazi ya kutwa nzima, na mpiga chapa anasubiri. Lakini kompyuta ina ile amri ya kutafuta neno na kuweka jingine. Kwenye kitafutwe nikaandika: mchwa. Kwenye kiwekwe nikaandika: konokono. Ikaniuliza kama nataka zote. Nataka nini tena? Zote! Nikabonyeza.

Mabadiliko mia nne na kitu! Sikujua shemeji kanukuliwa kiasi hicho, mwizi mkubwa. Sasa zote ni zangu. Nimelipeleka jarida kwa mpiga chapa na kulituma kwa barua pepe kwenye orodha nzima: vyuo, wizara, mabwana shamba, redio. Sikulisoma tena.

Jumatano, 12 Machi

Simu zimeanza saa mbili. Wa kwanza bwana shamba mmoja, anauliza kuhusu konokono wanaokula nyumba. Nikamwambia amekosea namba. Wa pili mwalimu mkuu, ana hofu na paa la shule. Wa tatu redio.

Nikalifungua jarida. Jamani.

Amri ya kompyuta haikugusa nukuu tu. Imegusa kila kitu, pamoja na makala ya shemeji mwenyewe, kurasa tisa, ndefu kuliko zote. Imebadilishwa vizuri mno, haikuacha hata kovu. Konokono hushambulia nguzo za nyumba kwa siri, kutokea ndani. Kundi moja la konokono linaweza kumaliza paa msimu mmoja. Malkia wa konokono hutaga mayai maelfu kwa siku. Askari wa konokono huuma. Dawa ni kuchimba kichuguu cha konokono mpaka malkia apatikane.

Na kwenye makala yangu, pale nilipoandika kwa fahari kwamba konokono si kama mchwa, hana madhara kwa nyumba, sasa inasomeka kwamba konokono si kama konokono.

Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Shemeji akaingia na jarida mkononi. Nikasimama, nikijiandaa kwa lolote. Hakugomba. Aliuliza kitu kimoja tu: kwa kanuni yangu, lawama inahesabiwa? Nikamwambia bila shaka, kifungu cha kwanza, hata ya matusi. Na taarifa za redio, matangazo? Kifungu cha pili, nikamwambia, chochote chenye kutaja chanzo. Akanipa mkono. Akaushika muda mrefu. Akasema ahsante sana, shemeji.

Alipotoka ndipo ubongo wangu ulipowaka. Lawama inahesabiwa! Wanalaumu nani? Konokono! Na konokono ni nani hapa? Ni mimi! Wacha wapige simu!

Alhamisi, 13 Machi

Mvua ya manukuu! Haijawahi kutokea!

Chuo kimoja kimetoa taarifa kukanusha, kimetaja jarida letu. Chuo cha pili kimekikanusha cha kwanza kwa kutukanusha vibaya, kikatutaja tena. Chama cha wajenzi kimetoa waraka. Wenye nyumba wametoa waraka wa kuujibu waraka. Yule mtaalamu wa mbali kaandika kurasa tatu kwa hasira, na katutaja katika kila aya, Mungu amzidishie. Ukuta wa kantini una tangazo jipya: konokono akionekana karibu na nguzo, toa taarifa.

Mkutubi kaacha kula. Anahesabu tu, kalamu sikioni. Nimempelekea chai mwenyewe. Nikamuuliza kama bado anazipata. Akasema bado zinaingia. Nikamuuliza nyingi? Akasema katika maisha yake hajaona kitengo kikinukuliwa hivi. Sikutaka kumuuliza kitengo gani, ingekuwa ni majivuno.

Nimenyoosha suti. Mke wangu kasema nisivae ile tai yenye konokono. Nitaivaa.

Ijumaa, 14 Machi

Niandike haraka kabla sijabadilisha mawazo na kuitupa hii shajara.

Mtathmini ni mtu mwembamba, hasomi chochote, anahesabu tu. Ukumbi ulijaa. Akasema amezunguka taasisi nyingi lakini hajawahi kuona athari ikienda kasi hivi. Akauliza kanuni hii nzuri, inayohesabu kila kitu bila ubaguzi, ni ya nani. Nikasimama. Nikainama kushoto, nikainama kulia. Mkurugenzi alikuwa ananitazama vibaya, nikadhani ni jua machoni.

Mkutubi akasoma. Konokono: sitini na moja. Nikaanza kutabasamu. Mchwa: mia mbili sitini na nane.

Nikadhani kachanganya karatasi. Akaeleza, kwa sauti yake ile isiyopanda wala kushuka, kwamba yeye hahesabu kilichoandikwa bali aliyeandika. Dunia nzima imeinukuu makala moja, ile ya nyumba na nguzo. Na makala hiyo, akaliinua jarida, juu yake ina nembo. Mchwa mnene mwenye taji. Picha! Kompyuta haibadilishi picha!

Hapo kichwa kikaniruka. Sikukaa chini. Nikasema nina pingamizi. Nikasema shemeji hakuandika popote kwamba konokono wanakula nyumba, aliandika mchwa. Aliyeyafanya maneno hayo yawe konokono ni mimi, kwa mkono wangu, Jumatatu, kwa makusudi! Kosa ni langu, kwa hiyo lawama ni yangu, na kwa kifungu cha kwanza lawama ni nukuu. Mia mbili sitini na nane zote ni zangu! Nikaketi. Nilijiona nimetetea vizuri sana.

Mtathmini akaipekua kanuni mbele na nyuma. Akasema kwa masikitiko kwamba haina mahali pa mhariri aliyeharibu. Aliyeiandika, akasema, hakuliwazia hilo.

Mkurugenzi naye akasema amenisikia vizuri, na ukumbi mzima ni shahidi. Uhariri nimenyang'anywa kabla ya chai. Shemeji ni mkuu wa Kitengo cha Mchwa na Konokono.

Bi Magugu akanifuata nje. Anauliza zamu yake bado ipo?

Jumapili, 16 Machi

Kwa mama mkwe. Kile kiti cha kichwani mwa meza, changu tangu nioe, kakalia shemeji. Mama mkwe alimpakulia kwanza. Nilikula nikitazama sahani. Shemeji akasema kazini nimwite Mkuu, nyumbani tuendelee na shemeji. Mke wangu alinifinya goti chini ya meza kwa huruma, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Jumatatu, 17 Machi

Siku njema kupita zote!

Niliamka na roho nzito, kweli. Nikaenda moja kwa moja kuwaaga konokono wangu. Nikamkuta shemeji, samahani, Mkuu, yuko chumbani tayari. Akasema chumba hakiguswi, konokono wanabaki palepale, na mimi nabaki kuwatunza. Sikujizuia, nilimkumbatia! Watu wanapiga simu kutoka kila upande, kasema, wanataka kuwaona.

Na wamekuja. Wa kwanza alikuwa mjenzi, kabeba kipande cha ukuta chenye chokaa, anataka kujua kama kweli. Nikamweleza mara kumi kwamba konokono hali nyumba. Akakiweka sakafuni karibu nao. Tukasimama. Konokono mmoja akakikwea, akaanza kuilamba chokaa, krr, krr, mpaka ikabaki alama ya kukwanguliwa. Mjenzi akapiga kelele. Nikamtuliza. Hiyo ni tabia yao tu, wanaitaka chokaa kwa ajili ya magamba, wananilia huu ukuta mwaka wa pili sasa, kero tupu.

Mkuu akageuka polepole. Akapiga magoti, akautazama ukuta chini kote, pale chokaa mpya ya fundi ilipokwisha kulambwa. Akaniuliza kama kuna mtu aliyewahi kuliandika jambo hili. Nilicheka! Nani atanukuu habari za chokaa? Akauliza kama nitaona vibaya akipiga picha chache. Nikamwambia apige atakazo, shemeji wangu huyo. Nilimshikia hata taa. Kajifungia ofisini mwake tangu saa nne, hajatoka hata kula. Masikini, ukuu unamchosha mapema.

Mimi sina muda wa kuta. Mkurugenzi katangaza kwamba mwakani tutapimwa tena, na safari hii kanuni iandikwe upya. Akauliza kama kuna wa kujitolea, ila akasema asiwe mimi.

Mkono wangu ulikuwa juu tayari.